Kozi Aliyochaguliwa Kezia Maroa

Kezia Maroa aliandika programu za kompyuta mjini Homa Bay wakati ambapo wengi mjini walidhani kazi yake ni kupiga taipu. Alizaliwa Isebania, ambako baba yake aliuza vipuri vya malori karibu na mpaka. Alisomea kompyuta Nairobi, kisha akaajiriwa na chama cha ushirika cha wachuuzi wa samaki. Programu aliyowatengenezea iliweka hesabu ya mbuta, ngege na omena waliopimwa katika fuo za ziwa, kuanzia Sindo hadi Kendu Bay, na kuonyesha wapi kuliuzwa nini na kwa bei gani. Aliiandika peke yake, kwa lugha ya kompyuta aliyofundishwa chuoni, akaitunza kwa miaka mingi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, alikuwa akijua faili ipi imeharibika kabla hata ya kuifungua.

Mapema mwaka wa 1998 alikuja mgeni kutoka kwa wafadhili wa chama. Alisimama nyuma ya kiti cha Kezia, akatazama jinsi programu inavyofanya kazi, akaisifu. Kisha akauliza, "Na mnunuzi aliye mbali anazionaje bei hizi?"

"Anapiga simu," Kezia akajibu.

Mgeni akatabasamu. Alisema angependa, kabla ya mwisho wa mwaka uliofuata, kuona bei hizo kwenye intaneti. Wala hakutaka ukurasa wa kusoma tu. Alitaka mnunuzi achague ufuo, achague aina ya samaki, apewe jibu palepale. Wafadhili wangegharamia mafunzo ya mtu mmoja, kozi moja. Alimwambia hayo meneja wa chama, Bwana Monari, naye Bwana Monari akamwelekezea kidole Kezia bila kumtazama.

"Huyu atafanya. Kompyuta ni maneno yake."

Kezia alifurahi siku hiyo, ila furaha haikudumu. Lugha aliyoijua haikujua intaneti ni nini. Ilibidi ajifunze nyingine, naye hakujua ipi. Intaneti yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, katika ofisi moja Kisumu, picha ya maua ikishuka kwenye skrini polepole kama pazia. Pale Homa Bay hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Wenye kompyuta walikuwa wakiandikia barua, na zikiharibika walimwita yeye.

Akaanza na Cliff, waliyesoma naye Nairobi. Alipanga foleni posta, akaingia kwenye kibanda cha simu.

"Java," Cliff alisema kabla hajamaliza kueleza. "Usijisumbue na kitu kingine. Dunia yote inaenda Java."

"Itaweza kusoma faili zangu za samaki?"

"Java inaweza kila kitu, Kezia."

"Wewe umeshatengeneza nini nayo?"

"Mimi nafundisha. Tunafungua darasa jipya hivi karibuni, nitakuwekea nafasi. Ni nusu mwaka tu, kila siku."

Kezia akamwambia hawezi kukaa Nairobi nusu mwaka, kwa sababu samaki hupimwa kila asubuhi na hakuna mwingine anayeijua ile programu. Cliff akamtumia diski ajaribu mwenyewe. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya zamani. Kezia aliitia diski, akaenda kunywa chai, akarudi, akakuta ile alama ya kusubiri, saa ya mchanga, bado iko kwenye skrini. Edith, karani aliyekaa meza ya pili, alikuwa akiitazama.

"Nyar Kuria," Edith alimwambia, kwa jina alilopenda kumwita binti huyo wa Wakuria, "hii mashine imekufa ama inafikiria?"

"Inafikiria."

"Basi inafikiria sana."

Alijaribu tena siku nyingine, akapunguza kila alichoweza kupunguza kwenye ile mashine, na kila mara ikaganda. Hakujua kama tatizo ni kompyuta, ni lugha au ni yeye. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Katika kazi yake alikuwa amezoea kujua kosa liko wapi.

Bwana Monari ndiye aliyemletea habari za chuo cha Migori. Alikuwa amekiona alipokwenda kumtembelea ndugu yake, orofani juu ya duka la dawa, na kibao kikubwa cha rangi ya samawati kikitangaza mafunzo ya programu za intaneti. Mwenye chuo aliitwa Bwana Okemwa. Alikuwa Msabato, kwa hiyo masomo ya watu wenye kazi yalifanyika Jumapili.

"Na anatoa cheti," Bwana Monari alisema. "Wafadhili watataka cheti."

Kezia akapanga kupita hapo akienda kuwaona wazazi. Bwana Okemwa alimpokea vizuri, akamtengea kiti, akamletea soda. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi vizuri. Kompyuta zake zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, kila moja imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na ubao mweusi ulikuwa umeandikwa alama za kutengeneza kurasa: ya kichwa, ya aya, ya maandishi mazito.

"Hizi ni za kupamba ukurasa," Kezia alisema. "Mimi nahitaji mtu akiuliza swali kwenye ukurasa, programu iende kwenye faili, itafute, imrudishie jibu. Hilo mnafundisha kwa lugha gani?"

"Hayo ni mambo ya muhula wa pili, madam."

"Lakini lugha ni ipi?"

"Tunatumia lugha zote za kisasa. Ukianza vizuri hutapata shida."

"Naweza kuona mfano mmoja? Hata mdogo?"

Bwana Okemwa akasema simu ilikuwa na hitilafu, na bila simu hakuna intaneti, na bila intaneti hakuna cha kuonyesha. Akampa karatasi za kujiandikisha. Kezia akazipokea kwa heshima.

Kwenye ngazi alikutana na msichana anayeitwa Joyline, kutoka Uriri, aliyekuwa akisoma hapo. Kezia akamuuliza muhula wa pili wanasoma nini.

"Tulirudia wa kwanza," Joyline alisema. "Mwalimu aliondoka. Sasa hivi mwalimu ni Bwana Okemwa mwenyewe, na yeye anasoma kitabu usiku ndio atufundishe asubuhi. Si mtu mbaya. Lakini ukimuuliza kitu anakasirika."

Kezia akarudi Homa Bay na kumwambia Bwana Monari kuwa chuo hicho hakimfai. Alieleza kwa nini, taratibu, akitumia mfano wa mtu anayetaka kujifunza kuendesha lori akapelekwa kujifunza kulipaka rangi. Bwana Monari alisikiliza huku akitia sahihi hati nyingine.

"Sawa. Tafuta kingine. Lakini usikawie."

Akatafuta. Aliandika barua kwa vyuo vya Nairobi, na vilivyojibu vilimtumia vitabu vyenye picha za vijana wanaotabasamu mbele ya kompyuta. Vyote viliahidi mafanikio. Hakuna hata kimoja kilichosema mwanafunzi akimaliza ataweza kutengeneza nini. Alianza kuona kwamba kila aliyemshauri alimshauri kwa shida yake mwenyewe: Cliff alitafuta wa kujaza darasa, Okemwa alitafuta ada, meneja alitafuta karatasi ya kuonyesha wafadhili. Swali lake yeye lilikuwa dogo na halikubadilika, na kila mtu alilizunguka.

Mwishowe akasikia habari za Damaris Gichana kutoka kwa fundi aliyekuja kutengeneza printa. Damaris aliwahi kutunza kompyuta katika chuo kimoja Nairobi, akaolewa, akahamia Kisumu, na sasa alikuwa akifundisha watu wachache katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa na kibao wala hakutoa cheti.

Kezia akaenda Kisumu siku ya mapumziko. Alimkuta Damaris amevaa kanga juu ya gauni, mtoto amelala mgongoni, kompyuta mbili mezani na nyaya zimetapakaa. Nyundo za duka zilisikika ukutani. Kezia alikuwa amechoka kueleza, akauliza swali lake kwa ufupi, karibu kwa ukali.

Damaris akajisogezea kibodi. "Niambie majina ya fuo zako na bei za kubuni."

Kezia akamtajia. Damaris akaziandika kwenye faili, kisha akaandika programu fupi, akiongea peke yake kwa sauti ya chini. Akafungua ukurasa. Kulikuwa na kisanduku kimoja na kitufe.

"Andika Sindo."

Kezia akaandika, akabonyeza. Ukurasa ukabadilika, na bei ya mbuta ya Sindo ikatokea.

"Lakini hapa hamna simu," Kezia alisema. "Hamna intaneti."

"Mashine yenyewe inajifanya iko kwenye intaneti. Inajiuliza na kujijibu. Ukishajua, unaipeleka popote. Lugha hii inaitwa Perl. Utaiona ina sura mbaya, ina alama nyingi za dola. Lakini faili za maandishi inazila kama ugali, na haihitaji mashine kubwa."

"Nikija kwako nitamaliza baada ya muda gani?"

"Sijui. Inategemea wewe. Nisikudanganye."

Katika muda wote ule wa kutafuta, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia hajui. Kezia akarudi Homa Bay akiwa ameamua. Alikuwa hata amefikiria jinsi ya kugawa kazi zake: Edith angeingiza vipimo vya asubuhi, yeye angekwenda Kisumu kila mwisho wa wiki. Aliingia ofisini kwa meneja bila kuketi, akaanza kueleza.

Bwana Monari akainua mkono. "Kezia. Hiyo maneno tumemaliza. Bwana Okemwa alikuja hapa ulipokuwa umeenda. Tumeelewana. Ada ya kozi nzima imeshaenda."

Kezia hakuelewa mara moja. "Nilikuambia chuo hicho hakifundishi ninachohitaji."

"Amenihakikishia kinafundisha. Na cheti kina muhuri. Huyo mama wako wa Kisumu ana muhuri?"

"Ana programu inayofanya kazi. Nimeiona kwa macho."

"Nitawaandikia nini wafadhili? Kwamba nimekupeleka nyuma ya duka la misumari?"

"Waandikie kwamba ninajifunza."

"Utajifunza Migori. Ni karibu na kwenu hata. Mama yako atafurahi."

Kezia akatoka. Alikaa mbele ya mashine yake bila kuiwasha. Edith alimwekea kikombe cha chai.

Basi akaenda Migori. Kila Jumapili, miezi mfululizo, alikaa kwenye benchi na kunakili alama kutoka ubaoni. Mama yake hakufurahi hata kidogo, maana binti alikuwa akifika Isebania jioni baada ya misa kuisha, amechoka na amenuna. "Hiyo shule yenu haijui kuna Mungu?" mama aliuliza. Kezia akamwambia inajua, ila inamwabudu Jumamosi.

Darasani alijaribu kunyamaza. Jumapili moja Bwana Okemwa akasema kwamba ukurasa ukishakuwa na rangi na picha, basi hiyo ni programu kamili. Kezia akainua mkono.

"Mwalimu, ukurasa huo hauwezi kuamua chochote. Hauwezi hata kujumlisha mbili na mbili."

"Madam, hapa sote tuko wanafunzi. Tuheshimu ratiba."

"Ratiba inasema programu. Nimekuja kutoka Homa Bay kwa sababu ya neno hilo."

Bwana Okemwa akafuta ubao, akaandika alama ya kuweka picha, akaifuta, akaiandika tena akichungulia kitabu. Kezia aliona hivyo na hasira yake ikapungua, ila haikubaki huruma mahali pake. Kulibaki kuchoka tu. Aliona kuwa mtu huyo anaogopa, na kwamba kuogopa kwake kunamlia Kezia Jumapili zake.

Aliomba likizo yake ya mwaka ili aende kwa Damaris. Bwana Monari akamwambia mtu hawezi kusoma shule mbili kwa wakati mmoja, asubiri amalize. Alisubiri. Muhula wa pili ulikuwa kama Joyline alivyosema: wa kwanza uliorudiwa, na safari hii picha zilikuwa kubwa zaidi. Mwishoni walifanya mtihani wa kuandika kwa kalamu, Bwana Monari akaalikwa kuwa mgeni wa heshima katika mahafali, akatoa hotuba ndefu kuhusu karne mpya. Cheti cha Kezia kiliandikwa jina kwa makosa. Bwana Monari alikitia fremu hivyo hivyo, akakitundika ofisini kwake.

Desemba akapata likizo. Alikwenda Kisumu, akalala kwa shangazi yake, akajilipia mwenyewe mafunzo. Alikuwa amejiambia kuwa akimpata mwalimu wa kweli mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa. Lugha ile ilikuwa na njia nyingi za kusema jambo moja, naye alizoea lugha yenye njia moja. Alikosea nukta na mkato, alama ya dola akaweka mahali pa alama nyingine, na mashine ikamjibu kwa kosa lilelile lisiloeleza kitu. Siku moja aliisukuma kibodi, akatoka nje, akasimama kati ya mabati na mifuko ya saruji.

Damaris akamfuata, mtoto begani.

"Nimepoteza mwaka mzima," Kezia alisema. "Ningekuja mwanzoni, sasa ningekuwa nimemaliza."

"Pengine."

"Huniambii kwamba hata Migori nilijifunza kitu?"

"Ulijifunza kupamba ukurasa. Mimi huwa nafundisha hayo siku moja." Damaris alimhamisha mtoto bega la pili. "Umekosea kwenye mstari wa kufungua faili. Njoo."

Kabla likizo haijaisha, Kezia aliweza kuandika peke yake programu iliyosoma nakala ya faili zake za samaki na kujibu. Aliporudi Homa Bay aliiweka kwenye mashine ileile ya ofisi iliyoshindwa na Java, na ikafanya kazi, polepole lakini ikafanya. Alimwita Edith wa kwanza. Edith akauliza omena wa Mbita, akapata, akauliza tena kuhakikisha kwamba haikubahatisha.

Kezia alipomwonyesha Bwana Monari, meneja alifurahi kweli. Akamshika mkono. "Unaona? Migori imesaidia."

Kezia akaona hawezi kuliacha hilo lipite.

"Hii sikufundishwa Migori, Bwana Monari. Nimejifunza Kisumu, kwa likizo yangu. Nataka ujue hivyo, na nataka uandike hivyo kwa wafadhili."

"Tusianze tena."

"Sianzi. Ninakuambia."

Bwana Monari alikohoa, akasema atafikiria maneno ya kuandika. Ripoti ilipokwenda, Edith ndiye aliyeipiga taipu. Ilitaja Migori peke yake. Edith alimwonyesha Kezia kabla ya kuitia kwenye bahasha, kwa sababu aliona si haki asijue kilichoandikwa. Kezia akaisoma yote, akamrudishia. Jioni ile akaandika barua yake mwenyewe kwa yule mgeni wa wafadhili, akaeleza alisomea wapi na nani alimfundisha, akaiweka nakala mezani kwa meneja ili isionekane ameenda kwa siri. Kwa wiki kadhaa Bwana Monari hakumsalimia.

Kuifikisha kazi kwenye intaneti kulichukua sehemu kubwa ya mwaka wa 1999. Kampuni ya Nairobi iliyohifadhi kurasa za wafadhili ilisema hairuhusu programu za watu wa nje. Baadaye ikasema inaruhusu. Baadaye ikasema aliyeruhusu amehama. Laini ya simu ya Homa Bay ilikatika kila faili ilipofika katikati, na Kezia akaanza upya, siku baada ya siku, akisikiliza ule mlio wa modemu mpaka akaweza kujua kwa sikio kama itashika au la. Hatimaye ilishika. Yule mgeni akapiga simu akiwa mbali, akasema ameuliza ngege wa Kendu Bay na amejibiwa. Akauliza pia namba ya Damaris, kwani kulikuwa na vyama vingine vilivyotaka kusomesha watu. Kezia akampa ya lile duka la vifaa vya ujenzi huku amesimama, akirudia kila tarakimu.

Wachuuzi wa Sindo, ambao samaki walikuwa wao, hawakuwa na kompyuta wala simu ya kuonea hayo yote. Walikuwa wakimuuliza Edith bei za fuo nyingine kama zamani, akienda kukusanya vipimo. Kezia akachapisha ukurasa ule, Edith akaupeleka, akaubandika kwenye banda la mizani. Asubuhi iliyofuata mama mmoja muuza omena alituma salamu kwamba bei ya Mbita imeandikwa sufuri, na yeye alikuwa Mbita jana, omena hawakuwa wa bure. Kezia akaweka chai yake kando, akafungua programu, akaanza kutafuta mstari wenye kosa.